Askari Waliokataa Dola Saba

Sisi tuliosoma historia katika shule hii tunakumbuka jinsi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilivyopita mbele yetu mbio mbio: Kaskazini na Kusini, Lincoln na utumwa, kisha kengele ikalia. Katika toleo hili ningependa turudi darasani kidogo, tukitazame kikosi kimoja tu cha vita vile: Kikosi cha 54 cha Askari wa Miguu wa Kujitolea wa Massachusetts.

Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na tangazo hilo likafungua mlango wa jeshi kwa watu weusi. Gavana John Andrew wa Massachusetts hakukawia. Vijana weusi walimiminika katika kambi ya Readville, karibu na Boston, kutoka majimbo mengi ya Kaskazini, na wengine kutoka Kanada. Wengi walikuwa watu huru: wakulima, mabaharia, vinyozi na vibarua. Miongoni mwao walikuwamo Lewis na Charles, wana wawili wa Frederick Douglass, msemaji mashuhuri aliyewahi kuwa mtumwa. Maofisa wao walikuwa Wazungu, wakiongozwa na Kanali Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25. Waliahidiwa mshahara sawa na wa askari wengine, yaani dola 13 kwa mwezi. Tarehe 28 Mei 1863 walipanda meli kwenda South Carolina.

Jioni ya tarehe 18 Julai waliamriwa kutangulia kuishambulia ngome ya Wagner, iliyolinda njia ya bahari ya Charleston. Njia ilikuwa ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili. Walikimbia chini ya moto wa mizinga na bunduki mpaka juu ya ukuta wa ngome, na hapo Shaw akauawa. Kati ya askari wapatao 600, karibu 270 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walipotea. Sajini William Carney, aliyezaliwa utumwani Virginia, aliinyakua bendera mchukuzi wake alipoanguka, akairudisha kwa wenzake huku mwili wake umejaa majeraha. Adui alimzika Shaw katika shimo moja na askari wake. Baba yake aliombwa akubali mwili uhamishwe. Akakataa, akasema hapo ndipo mahali pa heshima kwa mwanawe.

Ngome haikutekwa usiku ule, lakini tangu siku hiyo waliosema kwamba mtu mweusi hawezi kupigana hawakuwa tena na la kusema. Hata hivyo, askari hao walikuwa na vita vya pili, navyo vilikuwa na serikali yao wenyewe.

Siku ya malipo ilipofika waliambiwa kwamba, kwa mujibu wa sheria, askari mweusi atalipwa dola 10, tena zitakatwa 3 za nguo. Zikabaki 7. Sajini mweusi naye alipata hizo hizo. Kikosi kizima kikakataa kupokea hata senti. Massachusetts ikajitolea kuwaongezea kiasi kilichopungua, wakakataa tena. Kidogo si haba, wahenga walisema. Wao waliona kwamba anayepokea dola 7 ametia sahihi kuwa yeye ni nusu ya askari.

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili lilikuwa rahisi. Nyumbani wake na watoto walikuwa na njaa, na barua zao zilifika kambini. Tena jeshini mgomo ni uasi. Tarehe 29 Februari 1864 Sajini William Walker, wa kikosi kingine cha weusi, alipigwa risasi kwa amri ya mahakama ya kijeshi, kwa kuwa aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini kwa ajili ya mshahara. Watu wa Kikosi cha 54 walishika njia nyingine: walikataa fedha, lakini kazi hawakuiacha. Katika pigano la Olustee, Florida, tarehe 20 Februari 1864, waliingia vitani wakishangilia Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Jeshi liliposhindwa, wao walikuwa miongoni mwa waliolinda nyuma; na gari moshi lililobeba majeruhi lilipoharibika, walilifunga kamba wakalivuta kwa mikono.

Koplo James Henry Gooding alikuwa amemwandikia Lincoln mwenyewe Septemba 1863, akitaka kujua kama wao ni askari au ni vibarua. Alitekwa Olustee, akafa katika gereza la Andersonville Julai 1864.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake Bunge lilikuwa limesawazisha mishahara, ila malipo ya nyuma yote yalihusu tu wale waliokuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861. Ndipo Kanali Edward Hallowell, aliyeshika nafasi ya Shaw, akatunga kiapo: kila mmoja aape kwamba siku ile hakuna mtu aliyekuwa na haki juu ya jasho lake. Hata aliyekuwa mtumwa aliweza kuapa hivyo kwa moyo safi, maana mbele ya Mungu hapakuwa na mwenye haki hiyo. Fedha zilifika mwishoni mwa Septemba 1864, baada ya miezi ipatayo 18.

Carney alipewa nishani mwaka 1900. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Boston mwaka 1897, lakini majina yaliyochongwa yalikuwa ya maofisa waliokufa. Ya askari waliokufa yaliongezwa miaka ya 1980.

Vijana mliopo madarasani, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na ninyi mkidai haki yenu, kumbukeni waliodai bila kuiacha kazi.