Kuosha Wazee Kuna Shule Yake

Mtu akirudi likizo kutoka Lowell au Minneapolis, hakosi wa kunong'ona nyuma yake: "Huyu kule anaosha wazee tu." Hilo "tu" ndilo lililoniuma hadi nikashika kalamu. Kazi ya muuguzi msaidizi Marekani, ambayo ndugu zetu huiita CNA, ina darasa, mtihani na cheti. Na kwa zaidi ya miaka 100 Wamarekani wamebishana juu ya jambo moja: mwanafunzi afanye mazoezi kwa muda gani kando ya kitanda, chini ya jicho la muuguzi, kabla ya kuachiwa mgonjwa?

Kazi hiyo ilirudi kwenye habari. Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas alifuta kanuni ya mwaka 2024 iliyotaka kila mkazi wa nyumba ya wazee apate karibu saa mbili na nusu za muuguzi msaidizi kwa siku. Kelele zote zilikuwa juu ya idadi ya wafanyakazi. Mafunzo yao hayakuzungumzwa sana.

Haikuwa hivyo mwaka 1918. Kwa miaka ile ninategemea zaidi historia ya uuguzi wa Msalaba Mwekundu ya Lavinia Dock na wenzake, iliyotoka 1922. Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia; askari wa Marekani walikuwa wakimiminika Ufaransa na wauguzi hawakutosha. Jane Delano, mkuu wa uuguzi wa Msalaba Mwekundu, alitaka wanawake wa kawaida wapewe kozi fupi, wakawapunguzie wauguzi mzigo. Annie Goodrich, mkaguzi mkuu wa uuguzi katika hospitali za jeshi, akakataa katakata. Kwake, kozi fupi ingebomoa taaluma iliyojengwa kwa jasho. Jeshi lifungue shule yake, na wanafunzi wasome miaka mitatu.

Mei mwaka huo wakakutana Cleveland, kwenye mkutano mkuu wa wauguzi. Mabishano yakawa makali, wajumbe wakaegemea kwa Goodrich. Frances Payne Bolton, mama tajiri wa mji huo aliyeunga mkono shule, akamwendea Waziri wa Vita, Newton Baker, ambaye zamani alikuwa meya wa Cleveland hiyohiyo. Tarehe 25 Mei Baker akaidhinisha Shule ya Uuguzi ya Jeshi, na Goodrich akawa mkuu wake. Delano alikuwa ameshindwa.

Ushindi huo haukukaa sana. Vuli ikaja na mafua makuu, wodi zikafurika, na wasaidizi waliokataliwa Mei wakatafutwa kila kona. Delano alifariki Aprili 1919 huko Savenay, Ufaransa, akiwa kazini. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki: mgonjwa anahitaji mikono mingi, na mkono usiofundishwa humuumiza.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta jibu la kati. Mwaka 1941 Msalaba Mwekundu ulianza kozi ya saa 80 kwa wasaidizi wa kujitolea, zaidi ya nusu yake wodini, na zaidi ya 200,000 wakahitimu. Mipango ya serikali ya kulipia matibabu, Medicare na Medicaid, ilipoanzishwa mwaka 1965, nyumba za wazee zikaongezeka. Malalamiko yakaongezeka pia, hadi Rais Reagan akatia saini sheria ya tarehe 22 Desemba 1987. Sheria hiyo na kanuni zake ziliweka kiwango cha chini cha mafunzo: saa 75, na kati ya hizo angalau 16 tu za vitendo chini ya usimamizi, kisha mtihani.

Linganisha. Mama wa kujitolea wa mwaka 1941 alisoma saa nyingi kuliko anazolazimishwa na sheria hiyo mtu anayeajiriwa leo. Baadhi ya majimbo yamejiongeza. California inataka saa 100 za vitendo. Mwaka 2008 ripoti ya wataalamu ilipendekeza kiwango cha taifa kiwe saa 120 kwa jumla, lakini 75 zimebaki palepale. Wakati wa korona hata hizo zilisimamishwa kwa muda.

Na vitendo hivyo si mchezo. Mwanafunzi hufunga breki za kitanda kabla ya kumgeuza mtu. Hupima joto la maji kwanza. Akimvika shati mzee aliyepooza upande mmoja, huanza na mkono dhaifu. Akimvua, huanza na ule mzima. Akimaliza, huacha kengele pale mzee anapoweza kuifikia.

Anayecheka "kuosha wazee" asubiri siku mkono mmoja wa baba yake utakapokataa kuinuka. Atasimama pale na shati mkononi, asijue aanzie wapi. Binti wa jirani aliyerudi likizo kutoka Lowell atajua.