VEN_8086, au kwa nini kompyuta yangu iligoma

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa vitani na kompyuta ya kuunganisha mwenyewe: bodi na prosesa za mtumba kutoka Kariakoo, RAM ya kuazima, keisi ya marehemu kompyuta nyingine. Ikawaka! Nikapakia Windows 10, nikashangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Furaha haikufika jioni. Intaneti hakuna, sauti hakuna, picha imevimba kama mtu kaumwa na nyuki. Ukifungua orodha ya vifaa unaona alama za mshangao za njano tupu, na ukibofya unaambiwa kosa namba 28, yaani kifaa kipo lakini draiva hakina. Na hapo kuna mzunguko wa kijinga: draiva ya kadi ya mtandao iko kwenye mtandao, na mtandao hauingii bila hiyo draiva. Wakati huo mwenzangu wa chumbani alikuwa ananisubiri aandike ripoti yake ya mikoko ya mlango wa Ruvuma, siku tano kabla ya kukabidhi. Laptopu yake ilishakufa, na data zote za Msimbati ziko kwenye diski niliyoifunga mimi ndani ya hiyo keisi. Usingizi ulinipaa.

Nikaenda kwa kaka mmoja fundi pale Chikongola. Akacheka, akasema, “Mdogo wangu, usitafute draiva kwa jina la bodi, soma kitambulisho.” Bofya kulia kile kifaa, ingia kwenye sifa zake, kisha maelezo, utakuta maandishi kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA. Nilikuwa nimepakua kwa simu draiva ya kadi nyingine kabisa, kwa kuamini kibandiko alichobandika muuzaji. Kibandiko kilidanganya, namba haidanganyi.

Sasa hapa ndipo mwanafunzi wa historia alipoamka. Vifaa vya Intel vyote vilikuwa vimeandikwa VEN_8086. Hiyo namba wameichukua kwenye chipu yao ya 8086 iliyotoka mwaka 1978, babu wa prosesa za kompyuta zetu nyingi za mezani. Nikajiuliza, 1978 sisi tulikuwa wapi? Jibu linauma kidogo: tulikuwa kwenye marufuku. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu na ile mitambo ilikuwa imekula hela bila kuleta nafuu iliyotarajiwa. Masharti yalilegea polepole baadaye. Wengine wanailaumu sana ile amri. Mimi siwezi kuilaumu sana, mashine isiyo na fundi wa kuitunza ni kabati tu. Ila tulilipa: dunia ilipokuwa inajifunza kuharibu na kutengeneza, sisi hatukuwa na cha kuharibu.

Na wenzetu nao walihangaika, msidhani. Kabla ya Windows 95 mtu alikuwa anahamisha vipini vidogo kwenye kadi kwa mkono ili kadi ya sauti isigombane na nyingine. Windows 95 ikaja na ahadi ya chomeka-utumie. Aprili 1998, Bill Gates akiwa jukwaani Chicago akionyesha Windows 98, msaidizi wake akachomeka skana, skrini nzima ikawa ya bluu mbele ya umati. Hehehe, nikikumbuka hiyo najisikia vizuri.

Dawa yangu ikawa rahisi mpaka aibu. Fundi alichomeka simu yake kwa waya wa USB, akawasha kushiriki intaneti, Windows ikaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuombwa chochote, kisha ikajitafutia yenyewe draiva ya 8168 na ya picha. Nusu saa na bando langu lote. Sikudaiwa hela, nilinunua chai na mihogo.

Ripoti ya mikoko imekabidhiwa juzi, kurasa 62. Sauti bado haitoki. Inasoma HDAUDIO na VEN_10EC, Jumamosi naanza nayo.