Sauti na Maana: Zikiri na Kasida katika Nchi ya Uzaramo

Katika muziki wa jadi wa Uajemi, mwimbaji huzichukua beti za Hafez au za Jalal al-Din Rumi (1207–1273) akaziimba pasipo mapigo ya kudumu, huku akifuata urefu na ufupi wa silabi kama arudhi ya shairi inavyotaka. Msikilizaji hutulia kimya. Sauti na maana humfikia kwa pamoja, kwa kuwa lugha ya shairi ni lugha yake. Ushairi wa kisufi ulipoingia vijiji vya Kisarawe na Kibaha ulikuta hali nyingine. Uliimbwa kwa Kiarabu, ilhali wenyeji walisema Kizaramo, Kikwere na Kiswahili. Swali la msingi, basi, ni hili: ushairi ambao wengi hawakuyafahamu maneno yake uliwavutaje?

Tarika ya Kadiria hunasibishwa na Sheikh Abdulkadir al-Jilani, mzaliwa wa Gilan katika Uajemi, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika Afrika Mashariki ilienezwa zaidi na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909), mtunzi wa kasida, ambaye alifika Unguja katika enzi ya Sultani Barghash. Huko Bagamoyo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Kutoka miji ya pwani, zikiri ilifuata njia za biashara hadi bara ya Uzaramo, hasa katika zama za Wajerumani na baada yake.

Jibu la kwanza limo katika namna ya kuimba. Wanazikiri husimama katika duara. Msomaji huimba beti za kasida, na wengine huitikia kwa majina ya Mungu. Mwanzo huwa wa taratibu na maneno hutamkwa kamili. Kadiri mwendo unavyoongezeka, maneno hufupika: sentensi huwa neno, neno huwa silabi, na mwishowe hubaki pumzi inayovutwa kutoka kooni. Ndiyo sababu namna mojawapo ikaitwa zikiri ya kukohoa. Mahali lugha inapopungua kiasi hicho, asiyejua Kiarabu hapungukiwi na kitu mbele ya mwanachuoni. Zaidi ya hayo, Mzaramo aliyezoea kuitikia katika ngoma za kwao alikuta kwamba mpangilio wa mwimbishaji na waitikiaji haukuwa mgeni kwake.

Jibu la pili ni la kijamii. Sheikh Ramiya mwenyewe aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa mtoto. Katika miji ambamo nasaba ilikuwa ndiyo kipimo cha heshima, tarika ilitoa nasaba ya aina nyingine, yaani silsila ya masheikh, na aliyepewa ijaza aliingia humo bila kujali ukoo wake. Mtu wa bara, au aliyekuwa mtumwa jana, aliweza kuongoza duara. Wajerumani waliitambua nguvu hiyo: barua iliyodaiwa kutoka Makka ilipozagaa mwaka 1908, waliyatilia shaka makusanyiko ya zikiri.

Pingamizi lilitoka pia ndani ya Uislamu. Wanazuoni kama Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, walizikosoa ibada walizoziona kuwa ni uzushi, wakasisitiza kwamba muumini afahamu anachokisoma. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, maana ya shairi haikai katika msamiati peke yake. Waliosimama katika duara walijua wanamtaja nani, walikuwa pamoja na nani, na wamepokea kutoka kwa nani. Walichokikosa ni fasiri ya maneno. Maana ya tendo walikuwa nayo.

Tangu hapo Kiswahili nacho kimechukua nafasi yake. Katika maulidi ya sehemu hizo, Barzanji husomwa kwa Kiarabu, na wanafunzi wa madrasa huimba kasida za Kiswahili kwa matari. Sauti ndiyo iliyotangulia kufika, nayo ikaifungulia maana mlango.