Kahawa, Kihamba na Nadharia za Usasaleo

Kila mwaka ninapofundisha nadharia za usasaleo, nakutana na hoja moja katika karatasi za wanafunzi: kwamba Ulaya imekwisha kuupita usasa, ilhali sisi bado tunaungojea. Hoja hiyo imejengwa juu ya picha ya ngazi. Chini kuna mila, katikati usasa, juu kabisa hicho kinachokuja baada ya usasa. Na Mwafrika amesimama kidato cha kwanza akitazama miguu ya wenzake. Mimi huijibu kwa historia ya miteremko ya Kilimanjaro, kwa kuwa pale ngazi hiyo haina mahali pa kuegemea.

Nadharia zenyewe kwa ufupi. Mwaka 1979 Jean-François Lyotard aliueleza usasaleo kuwa ni kutoziamini tena simulizi kuu, yaani simulizi za maendeleo na ukombozi zilizodai kuipa historia nzima maana moja. Mwaka 1986, mwaka wa ajali ya Chernobyl, Ulrich Beck alichapisha kitabu chake juu ya jamii ya hatari. Anthony Giddens, mwaka 1990, alikataa kwamba usasa umekwisha. Kwake yeye usasa umekolea tu: mahusiano yetu yameng'olewa katika ujirani na kutegemezwa juu ya fedha na mifumo ya wataalamu ambao hatutawaona kamwe. Mwaka 2000 Zygmunt Bauman akasema usasa huo umekuwa kimiminika, haushiki umbo. Wanabishana kwa mengi, lakini Beck, Giddens na Bauman wanakutana hapa: taasisi zilizombeba mtu zimelegea, na kila mmoja ameachiwa ajitungie maisha yake.

Sasa tupande mlima. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki kabla ya karne ya 20. Katika miaka ya 1920 mtawala wa Kiingereza Charles Dundas aliwahimiza Wachagga kuilima, na walowezi wakapinga vikali. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, chini ya Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake hadi leo linasomeka mjini Moshi.

Tuangalie mahali mibuni ilipopandwa. Haikupandwa katika mashamba mapya yaliyofyekwa kwa ajili ya soko. Ilipandwa chini ya migomba, ndani ya kihamba, ardhi ya ukoo ambamo baba huzikwa na mwana hurithi. Kihamba hakikufa ili soko lizaliwe. Soko liliingia kupitia kihamba, na likakiongezea thamani na ugomvi. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za mila za Wachagga kwa muda wa karne moja, alionyesha jinsi mambo yanayoitwa mila yalivyobadilika huku yakibaki na majina yale yale. Kinyume chake, mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Moshi ya Kale kwa miaka mingi, aliona katika ukoo na ujirani wa Kichagga umoja wa asili ambao, kwa maoni yake, Ujerumani ya viwanda ilikuwa imeupoteza. Nashawishika kusema kwamba Gutmann alikuwa akiandika zaidi juu ya Ujerumani.

Mkulima wa Machame au Marangu alimenya kahawa yake, akaiosha, akaianika, akaipeleka kwenye mizani ya chama cha msingi. Alipewa malipo ya kwanza, akarudi nyumbani kungoja ya pili. Kati ya malipo hayo mawili palikuwa na wakoboaji, waonjaji, mawakala, meli na bei iliyoamuliwa ng'ambo. Ukitaka mfano wa kile Giddens anachokiita imani katika mifumo ya wataalamu, huna haja ya kwenda London. Wala imani hiyo haikuwa ya upofu. Mwaka 1937 wakulima walifanya ghasia kupinga kulazimishwa kuuza kupitia ushirika. Wale waliilinganisha bei, wakatilia shaka hesabu, wakadai maelezo. Kujitafakari huko, ambako nadharia hukutaja kama alama ya usasa uliokolea, kulikuwapo Kilimanjaro miaka hamsini na zaidi kabla ya kitabu cha Giddens.

Ushirika huo ulikuja kuvunjika vipi? Hapa ndipo nadharia zinaponiudhi, kwa sababu zina tabia ya kusema taasisi "zimelegea", kana kwamba ni kamba iliyooza kwa mvua. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika kwa amri. Miaka ya 1980 ikavirudisha. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ya kahawa, uliotokana na mkataba wa mwaka 1962, ulisambaratika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Kila hatua ina tarehe, na ina watu waliokaa mezani wakaamua. Hata simulizi kuu ya ujamaa haikuzikwa na mwanafalsafa wa Paris. Wakulima wengi waliacha kuiamini walipoona stakabadhi ya kahawa hailipii tena mrututu wa kunyunyizia mibuni, sembuse ada ya shule.

Hivyo Beck yuko sahihi kwamba hatari imeshushwa mabegani mwa mtu mmoja mmoja. Lakini kwa kijana wa kati Uchaggani jambo hili ni la zamani: kwa kawaida mzaliwa wa kwanza na kitinda mimba ndio waliofikiriwa kwanza katika kihamba, na wa kati akatafute. Alipoambiwa na mjomba wake akatafute, walau alijua ni nani aliyemwambia. Leo afisa anamwambia ajiajiri, na neno hilo hutamkwa kama vile ni fursa tuliyoichagua. Ningependa watumishi wa umma wanaosoma hapa wajiulize ni gharama ipi iliyokuwa ya taasisi na sasa imehamishiwa kwa kijana huyo.

Swali langu la mtihani mwaka huu halitaji ngazi wala usasaleo. Linamtaka mwanafunzi achukue kilo moja ya kahawa kutoka Kibosho, aeleze ni nani aliyebeba hasara bei iliposhuka kabla ya Julai 1989, na ni nani baada yake.