Kinga ikizidi nayo ni maradhi: safari ya neno na ya seli

Jioni moja mwaka 2011 dada yangu mdogo alinipigia simu kutoka Oyugis. Alikuwa ametoka hospitalini na dawa mpya, na ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza kigumu. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akiumwa viungo, nywele zikimnyonyoka, na upele mwekundu umemtanda mashavuni. Mara aliambiwa ni malaria, mara homa ya matumbo. Hatimaye daktari mmoja akautaja ugonjwa wenyewe: lupasi. Sasa dada alitaka kujua dawa hii inafanya nini, na nani wa kumweleza ila kaka yake anayefundisha lugha chuo kikuu?

Akanisomea sentensi mbili tatu. Nikajibu bila kufikiri sana: "Ni dawa ya kupunguza kinga ya mwili."

Simu ikanyamaza. Kisha akasema: "Japuonj, yaani mimi niliye mgonjwa ndiye wa kupunguziwa kinga? Wananitakia nini hawa?"

Nilicheka, nikamwambia afuate maagizo ya daktari. Sikujua kwamba usiku huohuo aliziweka dawa zile juu ya kabati, na hakuzigusa tena. Tulipokuja kujua, figo zake zilikuwa zimeanza kuharibika.

Kwa miaka mingi nimeketi katika vikao vya istilahi, tukibishana juu ya viambishi hadi chai ikapoa. Sikuwahi kufikiri kwamba tafsiri sahihi ya maneno machache ingeweza kumdhuru mtu wa nyumbani kwetu. Naam, tafsiri ilikuwa sahihi. Shida ilikuwa neno "kinga" lenyewe, na historia ambayo limeibeba.

Hebu tuanzie hapo. Kitenzi "kinga" kina maana ya kuzuia kitu kisikufikie: mtu hukinga jua kwa kiganja, hukinga mvua kwa mwavuli. Tena hukinga maji, yaani huweka chombo chini ya mchirizi ili yasipotee. Maana zote mbili ni za heri. Hakuna Mswahili anayelalamika kwamba amekingwa kupita kiasi. Ndiyo maana tunasema kinga ni bora kuliko tiba.

Halafu ukaja ugonjwa ulioitwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, tukaufupisha kuwa UKIMWI. Kama uundaji wa istilahi, kifupisho hiki kilifaulu kuliko vingi nilivyowahi kuviona: kilikaa mdomoni, kikaeleweka na kila mtu. Lakini kililifunga neno "kinga" kwa mnyororo. Katika kaunti ya Homa Bay, ambako uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu wazima 19.6 kati ya kila 100 waliishi na virusi, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa 4.9, mtu akisikia "kinga imepungua" hahitaji maelezo zaidi. Nyanza tulizika watu miaka mingi kwa sababu ya kinga kupungua. Sasa dada yangu alikuwa akiambiwa na kaka yake mwenyewe anywe dawa ya kuipunguza!

Wazungu nao neno lao lilitoka mbali. Kilatini "immunis" alikuwa mtu aliyesamehewa kodi au utumishi wa dola. Madaktari waliliazima ili kumtaja yule ambaye maradhi yalimpita bila kumdai chochote. Kisha sayansi ikalivika magwanda ya kijeshi. Mwaka 1882, huko Messina, Sisilia, Elie Metchnikoff alidunga miiba katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, akaona chembe za mwili zikikizunguka kitu kigeni na kutaka kukimeza. Tangu hapo, hata katika vitabu vyetu vya shule, chembe nyeupe za damu zimekuwa askari na vijidudu vimekuwa maadui.

Askari ni mfano mzuri, ila una swali ndani yake: je, askari huyu anawajuaje wenyeji? Mjerumani Paul Ehrlich, aliyegawana tuzo ya Nobel na Metchnikoff mwaka 1908, aliamini kwamba mwili una hofu ya kiasili ya kujitia sumu. Jibu jingine lilianza kupatikana mwaka 1961, pale Jacques Miller, akifanya kazi London, alipoonyesha umuhimu wa tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo ndimo zinamokomalia seli tunazoziita T, kwa herufi ya kwanza ya jina la tezi hiyo. Baadaye ikajulikana kwamba zile zenye mwelekeo wa kuushambulia mwili huuawa humohumo kabla ya kuhitimu. Tuseme ni chuo cha askari kinachowatimua wakorofi.

Lakini hakuna chuo kisichopitisha mkorofi mmoja wawili. Mwaka 1969 watafiti wa Kijapani Nishizuka na Sakakura waliitoa thaimasi ya panya wachanga siku ya tatu tangu kuzaliwa. Mtu angetarajia kinga idhoofike tu. Badala yake ovari za panya hao ziliharibiwa. Ilielekea kwamba thaimasi ilitoa pia kitu cha kuwazuia askari. Mwaka uliofuata, Richard Gershon na Kondo, wa chuo kikuu cha Yale, walieleza kuwapo kwa seli T zinazozima kinga. Zikaitwa seli kandamizi.

Hapa ndipo historia hii inapomhusu mwanalugha. Jina lile lilivuma, kila maabara ikataka seli kandamizi zake, na nadharia zikarundikwa juu ya nadharia. Kisha mwaka 1983 wachunguzi wa jeni walipatafuta mahali palipodaiwa kuwa na jeni ya seli hizo, wasiione. Uwanja mzima ukaporomoka. Neno "kandamizi" likawa aibu, kiasi kwamba mtafiti aliyelitumia aliangaliwa kama anayezungumza juu ya majini. Pamoja na jina, jambo lenyewe pia likatupwa, ingawa panya wa 1969 walikuwa bado wanangoja maelezo.

Shimon Sakaguchi hakulitupa. Aliendelea na panya walewale waliotolewa thaimasi, akiwapa seli T za panya wazima na kuona maradhi yakizuiwa. Mwaka 1995 aliweza kuonyesha alama inayozitambulisha seli hizo: protini iitwayo CD25. Na jina? Waliofuata njia hiyo waliacha lile lililochafuka, wakaziita seli zinazorekebisha, zinazoweka mambo sawa.

Thibitisho lilitoka kwa panya wengine. Katika miaka ya 1940, kwenye maabara ya Oak Ridge, Marekani, walizaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba na wengu uliovimba, waliokufa baada ya wiki chache. Mwaka 2001 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na wenzao walitangaza jeni iliyowaharibikia panya hao, Foxp3, na kwamba hitilafu katika jeni hiyo kwa binadamu husababisha ugonjwa mkali ambao huwapata wavulana wachanga, kinga yao ikiushambulia mwili. Kufikia 2003 ilikuwa wazi kwamba Foxp3 ndiyo inayozitawala seli za Sakaguchi. Tarehe 6 Oktoba 2025 watatu hao wakatunukiwa Nobel ya tiba.

Msomaji ataniuliza, haya yote na Oyugis wapi na wapi? Yanahusiana sana. Oyugis iko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kisii, kati ya joto la ziwa na baridi ya milima. Upande wa ziwa, ambako malaria haina msimu wa likizo, mtu mzima anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na akaamka kwenda shambani kama kawaida. Ukipanda milima ya Kisii, ambako malaria huja kwa mkupuo, huwaangusha watoto na watu wazima pamoja. Nao wajukuu zetu waliolelewa Nairobi wakija Disemba, wiki ya pili wamelala. Yule mtu wa ziwa hajawaua vimelea wote. Sehemu ya siri yake ni kwamba mwili wake umejifunza kutolipuka kila unapowaona. Wataalamu wanaichunguza stahamala hiyo: utafiti wa watoto wa Tororo, Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, ulipima jinsi seli za Foxp3 zinavyobadilika kwa mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara, na ukaona kwamba kwa waliougua sana hupungua katika damu.

Upo pia uhusiano na lupasi. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya kinga kujishambulia yalionekana kwa nadra mno hospitalini huko, akashuku kwamba vimelea vinahusika. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake waliwaambukiza malaria panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi, na ugonjwa ukapungua. Lilikuwa wazo zuri la kisayansi. Kwa bahati mbaya, mawazo mazuri hugeuka mazoea, na neno "nadra" likisikika mara nyingi huishia kueleweka kama "haupo". Kama lupasi haiko Afrika, mwanamke wa Oyugis mwenye homa na viungo vinavyouma ana nini ila malaria?

Basi, tuite seli hizi nini? Nimesikia "seli kandamizi", na tumeona historia yake. Nimesikia "seli dhibiti". Ni istilahi halali, lakini kwetu Kenya kudhibiti hufanywa na polisi wenye vitoa machozi, na hivyo tunarudi kulekule kwa askari. Mimi napendekeza "seli tulizi". Kama "linda" inavyotupa mlinzi, "tuliza" inatupa mtulizi. Mama hutuliza mtoto, mzee hutuliza ugomvi, dawa hutuliza maumivu, na vijana wa matatu hutuambia tutulize boli. Kote huko anayetulizwa haangamizwi, na kesho ataamka na nguvu zake.

Kiswahili kina "kinga" nyingine: kinga cha moto, kipande cha ukuni kinachowaka. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na methali inatuambia kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kila mpishi anajua kwamba vinga vikizidi jikoni, huvuti ngao. Unatoa kimoja, moto unapungua, chakula kinaiva badala ya kuungua.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kumweleza dada, nikiwa nimeketi jikoni kwake, miezi kadhaa baada ya simu ile. Nilimwambia: "Mwili wako una moto mwingi kupita chungu. Dawa hii inatoa vinga viwili vitatu, haizimi jiko." Akanitazama kwa muda. "Ungesema hivyo siku ile," akasema, akainuka kuzichukua dawa.

Yu hai, na siku za soko utamkuta Oyugis akiuza viazi vitamu. Figo zake hazikurudi kuwa zilivyokuwa, na kila mwezi husafiri kupimwa. Kwa wenzangu wa vikao vya istilahi nina ombi moja: kabla ya kuipitisha istilahi yoyote ya tiba, tumsomee kwanza mtu anayeimeza dawa yenyewe, tumwulize amesikia nini.