Nani Hulisha Tanuri? Uchawi na Mitambo ya Mvuke katika Filamu za Georges Méliès na Hayao Miyazaki

Historia ya filamu zinazochanganya uchawi na mitambo ya mvuke mara nyingi huanzishwa kwenye jina la utanzu wenyewe. Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, aliliandikia jarida la Locus barua iliyopendekeza, nusu kwa mzaha, neno stimpanki kwa ajili ya hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya teknolojia ya karne ya 19. Hata hivyo, jina hilo lilizikuta filamu za namna hiyo zimekwisha kuwapo kwa zaidi ya miaka 80. Aidha, uchambuzi unaoanza na jina huishia kwenye mtindo: magurudumu ya shaba, mabomba na moshi. Mtambo halisi wa mvuke ulikuwa na gharama. Makaa yake ya mawe yalichimbwa na watu, na nguvu zake zilisafirisha majeshi. Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya utanzu huu ni kwamba unaipamba enzi hiyo na kuifuta gharama yake. Insha hii inauliza iwapo uchawi, unapotiwa ndani ya mtambo, huifuta gharama hiyo au huifichua. Filamu tatu zinalinganishwa: ya mwaka 1902, ya 1986 na ya 2004.

Georges Méliès alikuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa mtengenezaji wa filamu. Mwaka 1888 alinunua Théâtre Robert-Houdin, ukumbi wa mazingaombwe jijini Paris. Katika filamu yake Le Voyage dans la Lune ya mwaka 1902, wanafalaki wanaonekana kwanza wakiwa wamevaa majoho na kofia ndefu zilizochongoka, mithili ya wachawi wa ngano za Ulaya. Baadaye wanavaa mavazi ya kawaida, wanakagua karakana ambamo chombo chao kinaundwa, kisha wanarushwa mwezini kwa mzinga. Huko wanawapiga wenyeji kwa miavuli, na kila anayepigwa hugeuka moshi na kutoweka. Ufundi wake ulikuwa rahisi: kamera ilisimamishwa, mtu akaondolewa, upigaji ukaendelea. Matokeo yake kimaana ni mazito zaidi: anayeuawa haachi maiti. Inawezekana kuisoma filamu hiyo kama kejeli dhidi ya wasomi na wavamizi, na usomaji huo una mashiko. Lakini hata kejeli hiyo inategemea kiinimacho kinachoondoa mabaki ya mauaji mbele ya hadhira.

Hali ni tofauti katika Laputa, filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki iliyotolewa nchini Japani mwaka 1986. Jina la kisiwa kinachoelea angani limetokana na kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, lakini mji unaofungua safari ya wahusika una asili nyingine. Miyazaki alitembelea Wales karibu na wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza wa mwaka 1984 hadi 1985, na mandhari ya migodi aliyoyaona yaliingia katika filamu. Pazu, mvulana anayemsaidia msichana Sheeta, anafanya kazi mgodini. La muhimu zaidi ni kwamba uchawi wenyewe unatoka ardhini. Mzee Pom anawaonyesha watoto hao nuru iliyomo ndani ya miamba, nuru ileile ambayo watu wa kale wa Laputa waliijua namna ya kuigeuza kuwa jiwe la kurukia. Hivyo uwezo wa kupaa haujakatwa na kazi ya mchimbaji. Ni zao lake lililosahaulika. Muska anapotaka kuutumia uwezo huo kama silaha, watoto wanatamka neno la kubomoa, na sehemu za silaha zinaporomoka huku mti mkubwa ukiendelea kupaa.

Filamu ya tatu, Howl's Moving Castle ya mwaka 2004, inatokana na riwaya ya Diana Wynne Jones ya mwaka 1986. Miyazaki alifanya mabadiliko mawili makubwa. Kasri la riwayani aligeuza kuwa lundo la chuma, mabomba na miguu ya mitambo. Na vita, ambavyo riwayani viko pembeni, alivileta katikati. Muktadha wa kisiasa uko wazi. Filamu yake iliyotangulia ilishinda tuzo ya Oscar mwezi Machi 2003, mwezi ambao Marekani iliivamia Iraki. Hakuhudhuria, na baadaye alieleza kuwa hakutaka kwenda katika nchi iliyokuwa ikiipiga Iraki mabomu. Kasri hilo linaendeshwa na Calcifer, moto wenye uhai uliofungwa kwa mkataba ndani ya meko, na moto huo unaishi kwa moyo wa Howl. Hapa gharama haifutwi: kila hatua ya mtambo inalipwa kutoka kifuani mwa mtu. Vivyo hivyo, wachawi wanaopigania mfalme hugeuka viumbe vya kutisha na kupoteza njia ya kurudi katika ubinadamu.

Inaweza kupingwa kuwa mwisho wa filamu hiyo unaudhoofisha ufunuo huo, kwa kuwa vita vinakomeshwa kwa uamuzi wa ghafla wa Suliman, mchawi wa ikulu. Pingamizi hilo ni la haki kuhusu vita, lakini halitoshi kuhusu mtambo. Howl anarudishiwa moyo wake, Calcifer anaachiliwa huru, kisha anarejea kwa hiari yake. Kasri linasonga tena, safari hii bila mtumwa katika tanuri.

Basi, uchawi wa filamu hizi hauna upande wake wa kudumu. Mwaka 1902 ulifuta maiti. Mwaka 1986 ulirudisha nuru kwa wachimbaji. Mwaka 2004 uliweka moyo wa binadamu mahali pa makaa ya mawe. Historia ya utanzu huu itaandikwa vizuri zaidi iwapo kila filamu itaulizwa nani hulisha tanuri lake, kabla ya kuulizwa mabomba yake yanafanana na nini.