Chakula Chetu Kimetoka Wapi?

  

Leo hatutazungumza juu ya mikutano ya wakubwa wala juu ya mikataba. Tutazungumza juu ya chungu kilicho mbele yako, mama. Maana historia ya nchi yetu haikuandikwa katika vitabu tu. Sehemu kubwa imo ndani ya chungu hicho, na tunaila kila siku bila kuitambua.

Kila jamaa hapa Kivu ina chakula chake cha furaha. Kwetu kilikuwa sombe. Tangu asubuhi ulisikia mchi ukipiga ndani ya kinu, majani ya muhogo yakitwangwa pamoja na vitunguu na pilipili. Yalichemka muda mrefu, kisha mama akatia mawese, na harufu ikafika mpaka barabarani. Kando yake palikuwa na bugali ya muhogo, maharagi, na sambaza zilizokaangwa mpaka zikavunjika mdomoni kama majani makavu. Maji ya kunawa yalianza kwa mkubwa, yakamalizikia kwa mdogo. Hakuna aliyegusa chakula kabla mama hajatenga sahani moja kando, kwa ajili ya mtu asiyejulikana ambaye labda atapiga hodi.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea kwetu. Ilikuwa katika miaka ya vita. Jioni moja mdogo wangu alisukuma sahani yake, akasema: «Maharagi haya yamenunuliwa kwa wale. Mimi siwezi kula chakula cha adui.» Tulinyamaza sote. Baba aliniangalia. Lakini mama hakukasirika. Alisema: «Vema. Basi tuondoe katika sahani yako kila kitu kilicholetwa na watu wasio wa kabila letu. Mwalimu, wewe uliyesoma, utuambie tuanze na kipi.»

Nilikuwa mwalimu wa historia, sikuweza kukataa. Nikaanza na bugali.

Muhogo si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuvusha bahari kutoka Brazili na kuufikisha kwenye pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16. Kutoka pale ulipanda polepole kwa njia ya mito na biashara, mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka ukafika huku mashariki. Kabla yake wazee wetu walikula ulezi na mtama. Basi bugali iondoke, na sombe pia, maana majani ni ya muti uleule.

Maharagi? Nayo yametoka Amerika, pamoja na mahindi, viazi, nyanya na ile pilipili yenyewe. Ndizi tunayojivunia ilitoka Asia, zamani sana. Mambo haya yote yaliondoka sahanini.

Nikafika kwenye sambaza. Hapa mdogo wangu alicheka, akasema: «Hizo ni za ziwa letu!» Ndiyo, ni za ziwa letu, lakini tangu lini? Ziwa Kivu, lililozibwa na milima ya moto, lilikuwa na aina chache tu za samaki. Sambaza walikuwa wakiishi katika Ziwa Tanganyika. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960 waliletwa wakiwa hai kutoka ziwa lile na kumwagwa ndani ya Kivu. Walizoea, wakazaa, na leo wavuvi wa Bukavu, wa Goma, wa Idjwi na wa Rwanda wanawatafuta usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, wakiimba. Ikiwa wazazi wako walizaliwa kabla ya mwaka wa 1958, ujue kwamba walizaliwa katika Kivu isiyokuwa na sambaza.

Yalibaki mawese na chumvi. Mchikichi ni mti wa Afrika kweli, lakini baridi ya milima yetu hauipendi. Mawese tunayapokea kutoka mabondeni: Fizi, Walikale, Maniema. Na chumvi? Zamani, kabla ya chumvi ya viwandani, wazee walinunua chumvi ya Katwe, upande wa Uganda, iliyobebwa mabegani kupita milima na mipaka ya makabila mengi.

Sahani ilikuwa tupu. Mdogo wangu hakusema kitu. Baada ya muda alivuta sahani yake, akala, lakini kwa uso wa hasira. Sitawadanganya kwamba alibadilika usiku ule. Njaa ilimshinda, si hoja yangu. Lakini swali la mama lilibaki ndani ya nyumba yetu mpaka leo.

Wasikilizaji wapendwa, najua mmoja wenu anasema moyoni: «Mwalimu, maneno yako ni matamu, lakini vitu vingine havikuletwa kwa upole. Vililetwa na bunduki.» Ndugu, unasema kweli. Amani isiyotaka kusikia kweli haidumu. Basi tuzungumze juu ya mchele.

Ukifika Kasongo, watakukaribisha kwa wali mweupe, na maharagi yaliyotiwa mawese. Ni chakula kitamu sana. Lakini mpunga ulifikaje Maniema? Uliletwa na wafanyabiashara wa pwani na watu wao walioitwa Waungwana, walioingia huko katika miaka ya 1860 wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walijenga miji ya Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na Kasongo, na watumwa wakalima mpunga. Lugha hii ya Kiswahili ninayosema nanyi sasa ilifika Maniema kwa njia ileile.

Huko Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi, wakileta samaki, muhogo, mawese, kuku, chumvi na vyungu. Na kulikuwa na desturi nzuri ya kale: hata kama wilaya mbili zilikuwa na ugomvi, wanawake waliokwenda sokoni hawakuguswa ila mara chache sana. Wanaume waliweza kuchukiana, lakini njia ya soko ilibaki wazi. Wazee hawa hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mkuki unaoziba njia ya soko unarudi kuchoma tumbo la mwenye mkuki.

Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 1871, desturi ile ilivunjwa. Watu wa mfanyabiashara mmoja waliingia sokoni na bunduki. Mmoja wao alikuwa akibishana bei ya kuku. Mara bunduki zikalia. Wanawake walikimbilia mitumbwi, wakakanyagana, wengi wakajitupa mtoni na kuzama. David Livingstone, mzungu aliyekuwapo siku ile, aliona kwa macho yake na kuandika. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Walikuwa watu waliokuja kuuza chakula.

Je, tutupe mchele kwa sababu hiyo? Hapana. Watoto wa watoto wa wale waliokufa ndio wanaolima mpunga leo, na ni mali yao halali. Kula si kusahau. Mtu anaweza kushiba wali na bado akawaambia watoto wake jambo lililotokea Nyangwe. Tena anapaswa kuwaambia, ili wajue soko ni kitu gani.

Tusidhani hayo ni mambo ya zamani tu. Twende Masisi. Milima ile ina maziwa, jibini, viazi na maharagi yanayolisha Goma. Wahunde ni wenyeji wa huko. Mwaka wa 1937 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kazi ya kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, kazi iliyoendelea mpaka mwaka wa 1955. Wengine wenye kusema Kinyarwanda walikuwa tayari ndani ya mipaka ya Kongo tangu ilipochorwa, kama kule Rutshuru. Wenyeji waliona ardhi yao ikigawanywa bila wao kuwa na neno la mwisho, na walioletwa nao hawakuichora mipaka ile. Kila upande ulibaki na kidonda chake. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu hawa walikutana sokoni, wakauziana, wakaonjeshana pombe ya ndizi, wakaoana.

Kisha, mwezi wa tatu mwaka wa 1993, watu waliuawa katika soko la Ntoto, huko Walikale. Ni soko tena, wasikilizaji. Kutoka pale moto ulienea Walikale na Masisi, na maelfu ya watu wa pande zote walipoteza maisha. Miaka 122 ilipita kati ya Nyangwe na Ntoto. Bunduki zilibadilika, sababu zilibadilika, lakini waliokufa walikuwa watu wenye vikapu.

Labda utauliza: «Kama soko limefungwa, si kila mtu atakula cha shamba lake?» Hapa turudi kwenye muhogo, maana una fundisho ambalo akina mama wanalijua kuliko sisi tuliosoma. Muhogo mchungu una sumu. Ili uwe chakula, unauvundika katika maji siku tatu mpaka nne, kisha unauanika vizuri juani, ndipo unausaga. Mtu anayekimbia vita hana siku hizo. Anavundika usiku mmoja, anakula. Zaidi ya hayo, mwili unahitaji chakula cha kujenga, kama samaki na maharagi, ili kuishinda sumu inayobaki. Anayekula muhogo usioiva vema, majuma kwa majuma, bila samaki wala maharagi, anaweza kuamka asubuhi moja miguu imekakamaa, na haitapona tena. Ugonjwa huo uliandikwa mwaka wa 1938 na mganga Trolli, huko Kwango. Wayaka waliuita konzo. Unashika hasa watoto na akina mama, nao umeonekana mara nyingi mahali pa ukame na pa vita.

Elewa basi, ndugu. Muhogo wa shamba lako, ukiula peke yake na kwa haraka, unaweza kukulemaza. Kinachokulinda ni siku chache za utulivu, na samaki wa yule wa ziwani, na maharagi ya yule wa mlimani. Yule ambaye mdogo wangu alimwita adui ndiye aliyekuwa akilinda miguu ya mdogo wangu.

Tufanye nini? Nawaachia mambo matatu.

La kwanza, tulinde njia ya soko. Wakubwa wa vijiji, vijana, hata ninyi mnaoshika silaha: iwe mwiko kumgusa mama mwenye kikapu, kumtoza kwa nguvu, au kumuuliza kabila lake kabla ya kumwacha apite. Wazee wa Maniema waliweza bila redio na bila mikutano. Sisi tunashindwa na nini?

La pili, tusiwafundishe watoto kwamba kuna chakula cha «wale». Mtoto anayedharau chungu cha jirani leo, kesho atamdharau jirani mwenyewe. Mpeleke aonje. Akirudi akisema kilikuwa kitamu, umeshinda vita moja bila risasi.

La tatu, turudishe ile sahani ya kando. Najua maisha ni magumu, na wengi wetu hatuna cha kutosha hata kwa watoto wetu. Iwe ni kipande kidogo tu. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni hulishwa kwanza, kisha anapewa kazi na mahali pake katikati yetu. Muhogo ulikuwa mgeni, sambaza walikuwa wageni. Tuliwapa mahali, na leo ndio wanaotulisha.

Mama yangu amezeeka sasa, mchi umekuwa mzito kwake. Lakini kila jioni anatenga bado sahani ile. Siku moja nilimuuliza anamwekea nani. Alijibu: «Nikimjua, si atakuwa mgeni tena.»

 Kuleni vema, ninyi na majirani zenu. Amani ikae katika nyumba zenu.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Chakula cha furaha katika jamaa yako ni kipi? Vitu vya kukipika vinatoka kwa nani, na vinapita njia gani?

2. Je, kuna watu katika soko lenu wanaoogopa kuja? Kwa sababu gani? Nani anaweza kuwahakikishia usalama?

3. Wazee wanakumbuka desturi gani za zamani zilizowalinda wanawake wa soko wakati wa ugomvi? Ipi inaweza kurudishwa?